Kabla hujavuka Mokowe kwenda kununua laptopu: ya kazi za kila siku, ya gemu na ya picha

Hapa Langoni, Lamu, haipiti wiki bila mtu kunisimamisha njiani na simu mkononi, nimwangalizie picha ya laptopu aliyotumiwa na muuzaji wa Mombasa. Swali ni lile lile: "Ammi, hii ni nzuri?" Nami humuuliza, nzuri ya kufanyia nini? Hapo wengi huguna, wakacheka, kisha wakaniambia bei.

Binamu yangu hakuniuliza kabla. Alirudi na mashine yenye kibandiko cha Core i7, amefurahi. Kuiwasha, Windows ilichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Ndani kulikuwa na i7-4600U, prosesa (ubongo wa mashine) ya viini viwili, yaani cores mbili, ya miaka ya 2013, pamoja na diski ya kuzunguka, ile hard disk ya zamani. Kuirudisha ilimaanisha boti hadi gati la Mokowe upande wa bara, basi la alfajiri kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, halafu kubishana na mtu aliyeandika kwenye risiti kwamba mali ikitoka hairudi. Mashine ilibaki Lamu. Kwetu sisi kosa la dukani lina nauli yake, na ndiyo maana ukaguzi wote ulio hapa chini unafanywa ukiwa bado umesimama mbele ya kaunta.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sentensi moja uliyoiandika mwenyewe: kazi nzito kuliko zote utakayoifanya kwenye laptopu hii.
- Bajeti iliyokatwa mapema. Pesa zote zisiishie kwenye mashine. Tenga za kifaa cha kukinga umeme, za waya mzuri wa chaja, na kama wewe ni mpiga picha, za diski ya nje.
- Flashi ya USB 3. Tia ndani programu ya bure ya CrystalDiskInfo, picha zako mbili tatu unazozijua rangi zake, na video moja yenye sauti.
- Simu yenye bando, ya kutafutia namba za modeli na ya kuipa laptopu intaneti wakati wa majaribio.
- Habari za umeme wa nyumbani kwako. Kama uko Pate au Ndau na unategemea sola, jua inveta yako ni ya wati ngapi.
- Saa nzima. Muuzaji anayekuharakisha, mwachie mashine yake.

Hatua ya 1: Amua pesa iende wapi

Soma ile sentensi yako. Hesabu kazi iliyo nzito, hata kama huifanyi mara nyingi. Ukiandika barua siku sita na siku ya saba unahariri picha za harusi, mashine yako ni ya harusi.

Kazi za kila siku, yaani kuandika, iTax, eCitizen, kuingiza alama za wanafunzi, mikutano ya Zoom na kutazama video, zinaegemea SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea). Gemu zinaegemea kadi ya grafiki na namna mashine inavyojipoza. Picha zinaegemea kioo, RAM na nafasi ya kuhifadhi. Prosesa inahusika kote, lakini si kwa kiasi ambacho vibandiko vinataka uamini.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa, achana na kibandiko

Kibandiko hubanduka na hubandikwa. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, ingia sehemu ya Performance, na utaliona jina kamili la prosesa juu upande wa kulia.

Kwa Intel, angalia namba inayofuata baada ya kistari. Ikianza na tarakimu ya 2 hadi 9, hiyo ndiyo kizazi: i5-8350U ni kizazi cha 8. Ikianza na 1, chukua tarakimu mbili za mwanzo: i5-1035G1 ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11, i3-1215U ni cha 12. Hiyo i3 ya kizazi cha 12 ina viini sita, na ingeiacha mbali i7 ya binamu yangu. Zenye jina la Core Ultra ni za kuanzia mwisho wa 2023.

Mpaka wa kuushika ni kizazi cha 8. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa jumla inakubali rasmi Intel za kizazi cha 8 kwenda juu. Wako mafundi wanaoilazimisha kwenye mashine za kizazi cha 4 ikaingia, lakini hapo unanunua wasiwasi wa kila sasisho. Isitoshe, ni kizazi hicho cha 8 ambapo prosesa za Intel za laptopu nyembamba zilipanda kutoka viini viwili hadi vinne.

Kwa AMD anzia Ryzen za 3000. Zipo za mtego: Ryzen 5 7520U ina jina la 7000, lakini tarakimu yake ya tatu, ile 2, inakwambia kwamba muundo wake ni Zen 2, uliotoka 2019. Si mbaya kwa barua na intaneti, ila usiilipie bei ya kitu kipya.

Herufi ya mwisho nayo ina neno. U ni ya kutumia umeme kidogo, H ni ya nguvu na joto. Ukiona Celeron N4020 na hifadhi ya eMMC (ya polepole kuliko SSD) ya GB 64, rudisha mkono mfukoni hata kama laptopu ni mpya kwenye boksi. Windows peke yake itachukua sehemu kubwa yake, na siku ya kusasisha inaweza kukwama.

Hatua ya 3: RAM na SSD

Sehemu hii ni fupi. Diski ya kuzunguka usiikubali kuwa diski kuu, hata ukipewa GB 1,000. SSD ya kawaida ya SATA husoma karibu MB 550 kwa sekunde, na ya NVMe huvuka hapo mara kadhaa, lakini kwa kazi za kila siku hutaiona tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Tofauti utakayoiona ni kati ya SSD yoyote na diski ya kuzunguka.

RAM: GB 8 ni sakafu, GB 16 ni kukaa vizuri. Kwa gemu za sasa na kwa picha, 16 ndiyo sakafu.

Swali ambalo wanunuzi hawaulizi ni kama RAM inaongezeka. Nyingine zimelehemewa kwenye bodi, basi ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM, lakini ndugu yake T480s ana moja tu, nyingine imelehemewa. Herufi moja hiyo! Task Manager, ukibofya Memory, hukuonyesha nafasi ngapi zimetumika.

Hatua ya 4: Kama ni kazi za kila siku, simama hapa

Mwalimu, mwanafunzi wa chuo, karani, mwenye nyumba ya wageni kule Shela anayejibu wageni kwa barua pepe: Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8 inayoweza kuongezwa, SSD ya GB 256, na kioo cha 1920 kwa 1080. Kioo cha 1366 kwa 768 kikwepe, kwani jedwali la alama litakulazimisha kusogeza kulia na kushoto mpaka uchoke.

Laptopu za ofisi zilizotumika Uingereza na kuletwa huku, kama EliteBook 840 G5 au hiyo T480, kwangu mimi zinafaa kuliko mpya za bei hiyohiyo zilizotengenezwa kwa plastiki nyepesi. Zinafunguka, vipuri vipo, na fundi anazijua. Ruka sasa uende Hatua ya 7.

Hatua ya 5: Kama ni gemu

Taja gemu yenyewe kwanza. eFootball haina makuu. GTA V ni ya zamani, ingawa inakula zaidi ya GB 100 za diski. Angalia mahitaji yaliyoandikwa na watengenezaji wa gemu, na ununue kwa kufuata safu ya yanayopendekezwa, si ile ya kiwango cha chini.

Kadi ya grafiki ndiyo roho. GTX 1650 yenye GB 4 inasukuma gemu nyingi kwa kushusha mipangilio. RTX 3050 inafuata, na RTX 4050 yenye GB 6 au 4060 yenye GB 8 ni za kukaa nazo muda. Kadi za MX, kama MX130, zina jina la Nvidia, lakini usizihesabu.

Hapa pana jambo ambalo duka halitakwambia: jina moja la kadi lina nguvu tofauti. RTX 4050 ya laptopu hutengenezwa kwa kuanzia wati 35 hadi 115. Mashine nyembamba yenye kadi kubwa iliyobanwa inaweza kushindwa na mashine nene yenye kadi ndogo iliyoachiwa ipumue. Tafuta kwenye simu modeli kamili pamoja na wati zake kabla ya kulipa.

Halafu joto. Vipimo vingi vya mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vyenye baridi. Wewe unachezea Lamu mwezi wa Februari, kaskazi imelegea, chumba kina joto na feni ya dari inazungusha joto lilelile. Tafuta mashine yenye matundu mapana ya hewa nyuma na pembeni, na feni mbili. Kuicheza juu ya godoro ni kuiua.

Umeme pia uuangalie. Chaja za laptopu za gemu huwa za wati 150 hadi 230 na zaidi, ilhali ya kazi za ofisi inatosheka na 45 au 65. Inveta ya sola ya wati 300 inayobeba friji ndogo na taa haitamstahimili mgeni huyo. Na usidanganyike na betri: ukichomoa chaja, kadi ya grafiki hujibana, gemu ikaanza kuchechemea.

Kama mfuko haufiki kwenye kadi, chukua prosesa yenye Iris Xe (grafiki ya ndani ya Intel) au Ryzen yenye Radeon ndani yake, uweke RAM mbili zinazolingana badala ya moja. Grafiki ya ndani hukopa RAM ya mashine, na njia mbili huipa nafuu unayoiona kwa macho. Iris Xe yenye RAM moja hata jina hushushwa, mashine ikaandika UHD.

Hatua ya 6: Kama ni picha

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndiyo niliyoikosea mwanzo.

Laptopu yangu ya kwanza ya kuhariria ilikuwa na prosesa nzuri na kioo kibovu. Nilipiga picha za harusi, nikaona leso nyekundu za kina mama zimepauka, nikaziongezea wekundu. Zilipochapishwa, zile leso zilikuwa zinawaka kama kaa la moto na nyuso za watu zimeiva. Kioo kilikuwa kinaniongopea, nami nilikuwa nasahihisha uongo wake kwenye picha za watu.

Kwa hiyo anza na kioo. Kwenye maelezo tafuta asilimia ya sRGB, kipimo cha rangi ambazo kioo kinaweza kuzionyesha, na inayofaa ni karibu 100. Ukikuta imeandikwa NTSC 45%, hicho ndicho kioo kilichoniumbua, na kimejaa kwenye laptopu za bei ya kati, za gemu zikiwemo. Aina iwe IPS au OLED. Kwa jaribio la haraka, fungua picha yako kutoka kwenye flashi, kisha inama, utazame kwa juu na kwa pembeni. Rangi zikigeuka, ni kioo cha aina ya TN, iache. Mwangaza uwe niti 300 kwenda juu, hasa ukipenda kufanyia kazi barazani, maana mchana wa huku hauna huruma na kioo cha niti 220.

Inayofuata ni nafasi. Picha moja ya RAW (faili ghafi isiyobanwa kama JPEG) ya kamera ya megapikseli 24, tuseme ina MB 30. Harusi ya huku haiishi siku moja, nawe ukirudi na picha 1,500 umebeba GB 45. Harusi tano, GB 225. SSD ya GB 256 imekwisha, na Windows nayo inadai mahali pa kulala. Chukua GB 512 angalau, pamoja na diski ya nje ya GB 1,000 au 2,000, na kila kazi ikae mahali pawili kabla hujafuta kadi ya kamera.

RAM GB 16. Adobe wenyewe wanaitaja Lightroom Classic kuwa na kima cha chini cha GB 8 na kupendekeza 16, na waliojaribu kuunganisha picha za panorama kwa GB 8 wanaijua ile duara inayozunguka. Kadi ya grafiki si lazima iwe kubwa, ila kazi ya kuondoa chengachenga kwa akili bandia huichukua dakika nyingi mashine isiyo nayo.

MacBook Air ya M1 ya 2020 ina kioo kizuri sana kwa kazi hii, haina feni ya kuvuta mchanga, na mizigo ya kawaida inaibeba. Ila RAM na SSD haziongezwi kabisa, basi tafuta ya GB 16. Na ukitaka gemu, umeshapotea njia.

Neno kwa wenzangu wa harusi: picha za ndani, za wanawake, ni amana. Nunua mashine yenye Windows Pro, uwashe BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski yote, na ule ufunguo wa dharura uuandike kwenye karatasi utakayoiweka mbali na laptopu. Siku ikienda kwa fundi au ikiibiwa, hakuna atakayefungua albamu ya mtu.

Hatua ya 7: Kagua ikiwa mikononi mwako

1. Zima kabisa, washa. Ikiuliza neno la siri la baiosi (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) ambalo muuzaji halijui, ondoka.
2. Omba Windows ianzishwe upya mbele yako na uunganishe intaneti ya simu yako. Ikidai akaunti ya kampuni fulani, mashine bado ina mwenyewe. Kwa MacBook, hakikisha haidai akaunti ya mtu wa mwanzo.
3. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue, kisha andika powercfg /batteryreport. Utaonyeshwa faili ilipohifadhiwa. Ndani mna mistari miwili: Design Capacity, uwezo wa betri ilipozaliwa, na Full Charge Capacity, ulio nao leo. Kama ni 50,000 na 31,000, betri imebaki na asilimia 62. Chini ya 60, dai betri nyingine au punguzo.
4. Fungua CrystalDiskInfo, usome afya ya SSD na saa ilizofanya kazi.
5. Kwenye kidirisha cha Run andika tpm.msc. Hiyo ni chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11; iseme toleo la 2.0.
6. Chomeka flashi kwenye kila poti, moja baada ya nyingine. Nakili video, icheze, sikiliza spika zote mbili. Kamera, maikrofoni, waifai.
7. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Mashine za Ulaya huja na Z na Y zilizobadilishana nafasi, au A mahali pa Q.
8. Jaza kioo weupe mtupu, kisha weusi mtupu. Tafuta vidoa na mistari.
9. Iache icheze video kwa dakika 20 huku mnapatana bei. Iguse chini.

Makosa ninayoyaona hapa: mtu anakagua ikiwa kwenye chaja tu, basi betri iliyokufa haijitokezi, au anaonyeshwa moja na kufungiwa nyingine. Piga picha namba ya mfululizo (serial number) iliyo chini ya mashine, ilingane na risiti.

Hatua ya 8: Chaja, kisha chumvi

Soma maandishi ya INPUT kwenye chaja. Yakiwa 100–240V inafaa kwa umeme wetu wa volti 240. Kama ina pini mbili za duara za Ulaya, usihangaike na adapta inayolegea na kutoa cheche. Mwambie akubadilishie ule waya wa ukutani tu, uwe wa pini tatu za bapa.

Ukifika nyumbani, chomeka kupitia kifaa cha kukinga umeme, kwa sababu stima ikikatika si tatizo, tatizo ni inavyorudi. Kwenye boti laptopu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, hata kama bahari imetulia. Usiiache usiku kucha dirishani upande wa bahari, maana upepo wa chumvi hula poti kwanza, kisha bodi. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, visitupwe, vitie kwenye begi lake. Mara moja kwa mwaka fundi aifungue, apulize vumbi na abadilishe pesti ya kupozea prosesa. Ya gemu, mara mbili.

Ikisumbua baadaye

*Imekuwa nzito ghafla.* Angalia diski. Ikiwa imebaki chini ya sehemu ya kumi, hamisha vitu. Kisha Task Manager, sehemu ya Startup, uzime programu zinazojiwasha zenyewe.

*Inazimika katikati ya gemu.* Mara nyingi ni joto. Inyanyue nyuma kwa vitabu viwili, safisha matundu, ujaribu tena usiku. Ikiacha kuzimika usiku, umepata jibu.

*Gemu inakwama ingawa kadi ni nzuri.* Huenda inaendeshwa na grafiki ya ndani. Kwenye mipangilio ya Windows ingia Display, kisha Graphics, uchague gemu yako na uipe High performance. Hakikisha chaja imechomekwa, na ni chaja yake. Ndogo inachaji, lakini mashine inajibana.

*Rangi za laptopu na za simu hazilingani.* Simu nyingi huzidisha rangi ili zipendeze. Zima Night light kwenye laptopu, uweke mwangaza katikati, kisha chapisha picha moja ndogo ulinganishe na karatasi. Kama picha ndiyo riziki yako, changeni wapiga picha watatu wanne mnunue kifaa kimoja cha kupimia rangi za kioo.

*Betri inaruka kutoka asilimia 40 hadi 5.* Imechoka. Ukiona kibodi au sehemu ya kugusia imevimba, izime siku hiyohiyo na usiitumie hata kwa chaja mpaka betri itolewe.

*Kibodi inaandika @ mahali pa alama ya nukuu.* Lugha ya kibodi imewekwa ya Uingereza ilhali vitufe ni vya Marekani, au kinyume chake. Badilisha kwenye mipangilio ya lugha, haihitaji fundi.

*Inadai ufunguo wa BitLocker baada ya sasisho.* Ile karatasi. Kama hukuiandika, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, huenda ufunguo umehifadhiwa huko. Na kama ulinunua mashine ikiwa tayari imewashwa BitLocker na mtu mwingine, mpigie muuzaji leo, kabla hajasahau sura yako.